Mshonaji Aliyeshona Yaliyomkuta



Kwenye chumba chetu cha ushonaji ipo kofia moja ya viua ambayo haijamalizwa. Juu imekamilika, ubavuni imefika nusu, na sindano bado imechomekwa pale pale iliposimama. Tumeifunga kwenye kipande cha kanga tukaiweka kabatini. Haiuzwi, haishonwi, haitupwi. Aliyeianza ni mama wa mwenzetu mmoja tunayeshona naye. Septemba 2011, siku chache baada ya Idd, mama yule alipanda meli ya usiku kurudi Pemba, na usiku wa kuamkia tarehe 10 meli ikazama kwenye mkondo wa Nungwi. Kofia alikuwa amemwachia mwanawe amalizie. Mnaoishi visiwani hamhitaji kuelezwa zaidi.

Mwenzetu huyo ana mkono mzuri kuliko sisi sote. Mabiharusi wakija na picha ya gauni kwenye simu, yeye ndiye anayelitazama mara moja akajua limekatwaje. Lakini ukimuuliza habari za mama yake, husema "alhamdulillah" kisha huongeza kasi ya cherehani. Miaka yote hiyo tulidhani ndiyo subira. Sasa hatuna uhakika kama yote ilikuwa subira, na aliyetutia wasiwasi huo ni mshonaji mmoja wa mbali sana na hapa, ambaye sasa ni marehemu.

Jina lake Esther Nisenthal Krinitz. Alizaliwa mwaka 1927 katika kijiji kidogo cha Mniszek, nchini Poland, kwenye nyumba ya wazazi na watoto watano: yeye, kaka yake Ruven, na wadogo zake Mania, Chana na Leah. Tangu mdogo alijulikana kwa sindano. Tunaomtaja kwenu ni Myahudi, na tunalisema mapema kwa sababu tunajua kuna watakaouliza kwa nini sisi, na wakati huu, tuandike habari zake. Tunaandika kwa sababu mtoto wa miaka 15 anayeagana na mama yake njiani ni mtoto, na mama ni mama. Atakayeona vigumu na asome hadi katikati ndipo aamue.

Septemba 1939 jeshi la Wajerumani liliingia Poland. Esther alikuwa na miaka 12. Siku walipofika kijijini, askari walimkamata babu yake mbele ya nyumba yake wakamkata ndevu, na bibi amesimama pale pale anapiga kelele. Kwa mzee mwenye kuitunza dini yake, ndevu si nywele tu. Hilo wanawake wa Kiislamu tunalielewa bila ya kufafanuliwa. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kazi za kulazimishwa, njaa, na askari kuvamia nyumba alfajiri wakaitoa familia nzima nje na nguo zao za kulalia.

Ndipo ikaja tarehe 15 Oktoba 1942. Mayahudi wote wa eneo lile waliamriwa waondoke majumbani mwao asubuhi ile na waelekee kituo cha treni cha Kraśnik. Hawakuambiwa wanapelekwa wapi. Esther akasema haendi. Akawataka wazazi wake wamfikirie mtu yeyote anayeweza kumpokea na kumpa kazi. Baba akamtajia rafiki yake mmoja wa kijiji kingine. Akafuatana na mdogo wake Mania, wa miaka 13. Waliagana na baba, mama, kaka na wadogo zao wawili, na hawakuonana nao tena duniani.

Rafiki wa baba aliogopa, akawatoa baada ya siku mbili. Wale watoto wawili wakabadilisha majina, mmoja akawa Josephine na mwengine Maria, wakajifanya wasichana wa Kikatoliki waliopotezana na wazazi wao, na wakatembea mpaka kijiji cha Grabówka. Huko mzee mmoja mkulima alimpokea Esther amtunzie nyumba na bustani. Mania naye akapata kazi kwenye nyumba nyengine. Wakaishi hivyo karibu miaka miwili, kila neno linalotoka mdomoni linapimwa kwanza, kila usiku wakihofia kuota ndoto kwa sauti katika lugha ya nyumbani kwao.

Kisa kimoja cha kipindi hicho tunakipenda mno. Juni 1943 Esther alikuwa kwenye bustani yake, wakatokea askari wawili wa Kijerumani wakaanza kumsemesha. Alikuwa anawafahamu wanachosema, lakini msichana wa kijiji yule aliyejifanya hakupaswa kufahamu, basi akawa anatikisa kichwa tu. Mzee akasogea karibu kuangalia. Kabla ya mzee kufanya lolote, nyuki wa bustanini wakawazonga wale askari. Wakakimbia, huku wakishangaa mbona nyuki hawamuumi msichana. Subhanallah. Mwenye kuwapa nyuki ilhamu anajua alichowatuma.

Jeshi la Urusi lilifika mwaka 1944. Esther akatoka kwenda kuitafuta familia yake, na katika safari hizo akafika Majdanek, kambi ya mauaji iliyokuwa karibu na mji wa Lublin. Alikuta marundo ya viatu. Alikuta pia makabichi makubwa yamestawi, yamemea juu ya majivu ya watu. Hatutaongeza neno hapo.

Mwaka 1946, kwenye kambi ya wakimbizi nchini Ujerumani, aliolewa na Max Krinitz. Nyie mabiharusi mnaotusoma hebu simameni hapo kidogo. Harusi isiyo na mama wa kumfunga biharusi kanga, isiyo na shangazi wa kugombana na mpishi, isiyo na nyumba ya kutokea. Sisi tunaopima magauni tunawajua mabiharusi wa namna hii. Huja na kipande cha kanga ya marehemu mama yake wakatuomba tukishone ndani, upande wa moyo, pasipoonekana na mtu. Tunakishona bila ya kuuliza na bila ya kuzidisha bei. Esther hakuwa na hata hicho kipande.

Mwaka 1949 walihamia Marekani. Waliishi Brooklyn, New York, na baadaye wakahamia Frederick, jimbo la Maryland, na huko Esther akaendesha duka la nguo za kike. Alizaa mabinti wawili. Kwa hiyo mwanamke tunayemzungumza ni kama sisi: ana duka, ana wateja, ana uzi uliomnasa kwenye sketi, ana watoto wanaosubiri chakula. Hakusomea uchoraji hata siku moja, wala hakujiita msanii.

Mabinti zake walikua wakisikia habari za Mniszek. Si kwamba Esther alikuwa bubu. Alikuwa akisimulia. Lakini alitaka wanawe waione ile nyumba na wale watu, na picha za nyumbani kwao hakuwa nazo za kutosha kuonyesha. Kuchora hajui. Anachojua ni sindano. Basi mwaka 1977, akiwa na miaka 50, alichukua kitambaa na nyuzi akaishona nyumba yao ya utotoni.

Hapa ndipo pametushika sisi, na ndipo hasa tulipotaka kufika. Tungedhani mtu aliyepitia hayo, siku akiamua kuyatoa, ataanza na lile linalomkaba koo: ile barabara ya Kraśnik. Esther hakuanza hapo. Picha ya kwanza ni nyumba ikiwa nzima, watu wake wote wapo hai, kila mmoja yuko kwenye shughuli yake. Picha ya pili wanaoga mtoni, yeye na kaka yake. Akawapa mabinti zake hizo mbili, na ikapita miaka mingi kabla ya kushona nyengine.

Aliporudi, hakwenda bado kwenye lile zito. Alishona ndoto mbili alizoota alipokuwa amejificha, ndoto alizotembelewa na watu wake. Baada ya hapo ndipo akaanza kuihadithia kwa mpangilio tangu vita inaingia, picha kwa picha, na chini ya picha akawa anashona maneno kwa uzi, herufi moja moja, kueleza ni lini, ni wapi na nani alikuwepo. Ndevu za babu zimo. Askari wa alfajiri wamo. Asubuhi ya kuagana imo. Nyuki wamo. Majdanek imo, na makabichi yake. Mpaka anafika mwisho wa miaka ya 1990 alikuwa na picha 36. Alifariki mwaka 2001. Mwaka 2003 mabinti zake walianzisha taasisi ya kuzihifadhi na kuzionyesha, na picha zake zikaingizwa kwenye kitabu kilichotoka mwaka 2005.

Turuhusuni tuzizungumze kifundi kidogo. Picha hizi zimeshonwa kwa kuchanganya vitambaa vilivyokatwa na kubandikwa kwa mshono, na tarizi juu yake. Nyasi ni nyuzi. Majani ya miti ni nyuzi. Shamba la ngano ni nyuzi mamia kwa mamia zilizolazwa upande mmoja. Anayeshona kwa mkono anajua maana yake: shamba kama lile si kazi ya jioni moja. Na jambo la ajabu ni kwamba hata kwenye picha za mateso, maua yamechanua na rangi zinang'aa. Mara ya kwanza tulidhani ni kasoro, kama fundi asiyejua kulinganisha kitambaa na shughuli. Tulipozitazama tena tukafahamu kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Miti haikusita kuchanua kwa sababu watu wanauliwa. Bahari yetu nayo, asubuhi ya tarehe 10 ile, ilikuwa ya buluu.

Sindano ina polepole yake. Ukisimulia kwa mdomo, msiba wa miaka mitatu unamalizika kabla chai haijapoa. Na ukiwa umeusimulia mara nyingi, unajifunza kuuruka pale panapouma. Sindano hairuki. Ukishona njia, lazima uipite yote. Ukishona mlango wa nyumbani, lazima ukumbuke ulikuwa wa rangi gani, na kitasa kilikuwa upande gani. Na mkono ukiwa na kazi, moyo hupata nafasi ya kukaa na jambo bila ya kulikimbia. Pia kitambaa kina pembe nne. Jambo lililokuwa limekujaa kichwani halina mwisho, sasa lina ukingo, unaweza kulikunja na kuliweka kabatini, na kesho ukalitoa.

Hayuko peke yake katika hili. London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna kitambaa cha kitani kilichoshonwa na msichana wa kazi za ndani aitwaye Elizabeth Parker, kiasi cha mwaka 1830. Hakina ua wala pindo la nakshi. Ni maneno matupu, mstari juu ya mstari, kwa hariri nyekundu, akieleza mabaya aliyofanyiwa na mwajiri wake na jinsi alivyofikia kutaka kujiua. Maneno yanakatika katikati ya sentensi. Mwenyewe hakukatika: aliishi mpaka uzeeni na akawa mwalimu. Huko Chile, baada ya jeshi kupindua serikali mwaka 1973 na watu kuanza kupotea, wake na mama za waliopotea walikutana chini ya ulinzi wa kanisa wakashona picha za yaliyowakuta kwa viraka juu ya kitambaa cha gunia, na baadhi ya viraka vilitoka kwenye nguo za hao hao waliopotea. Na dada zetu wa Palestina, ambao tarizi yao hatuhitaji kuwatambulisha nayo, wakati wa intifada iliyoanza mwaka 1987 walipozuiwa kupeperusha bendera, waliitia kwenye magauni yao.

Kwetu hapa tunaye mmoja aliyetumia kalamu badala ya sindano, naye ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Habari ya kuondoka kwake na kubadili dini inajulikana na inaumiza, na leo sio siku ya kuirudia. Tunalotaka ni hili: mumewe alikufa kwa ajali Hamburg mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, na miaka michache baadaye akaanza kuwaandikia watoto wake jinsi nyumba ya Mtoni ilivyokuwa. Kitabu kilitoka mwaka 1886. Na yeye, tazameni, alianza na nyumba. Kurasa na kurasa za Mtoni na watu wake kabla ya kufika kwenye maumivu.

Sasa, tunajua kuna suala. Picha za Esther zina sura za watu na wanyama, na kwetu kutengeneza sura ya chenye roho ni jambo ambalo wanazuoni wamelizungumza kwa ukali. Hatutoi fatwa, sisi ni mafundi nguo. Muulizeni sheikh mnayemuamini. Ila tunasema hivi: nyumba haina roho. Mlango, kisima, mkungu wa ndizi, dau, mkeka, kanga iliyoanikwa, hivyo vyote havina roho, na hakuna mtu atakayevitazama asijue vilikuwa vya nani.

Na kuna suala la pili, ambalo ni kubwa zaidi. Wengine wetu tumelelewa tukiambiwa kuwa kuutoa msiba ni kukosa subira. Lakini Nabii Yaakub, alayhis salaam, alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na mashtaka yake aliyapeleka kwa Mola wake. Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Hao ndio waliotufundisha subira yenyewe. Kilichokatazwa tunakijua, kupiga makelele na kuchana nguo. Kushona nguo hakumo.

Hatutaki pia kusema sindano ni dawa ya kila kitu. Wapo ambao jambo lao linahitaji daktari, na wapo ambao aliyewadhuru bado anaishi nao nyumba moja, na huyo kwanza anahitaji kutoka. Esther mwenyewe alishona akiwa mtu mzima, ana usalama, ana mume na watoto, miaka 35 imepita. Hakuna aliyemharakisha. Na kwa ilivyo, hakuna popote tunapoona kuwa huzuni ilimuisha.

Tulipomaliza kusoma habari zake tulizionyesha kwa mwenzetu. Alizitazama kwenye simu moja baada ya moja, akakuza kwa vidole kuangalia mshono, kama kawaida yake, akasema tu kwamba yule mama alikuwa na mkono thabiti. Ikapita wiki tatu hivi. Tukiwa kwenye msimu wa harusi, magauni manne yanatakiwa Ijumaa, tukamkuta amebaki baada ya Magharibi na kipande cha marekani mapajani, kile kitambaa, si nchi. Hakushona bahari. Hakushona meli. Ameshona ua wa nyumba yao ya Pemba: ukuta, mlango, mkarafuu mmoja, na majamvi mawili yameanikwa karafuu. Mlangoni pana jozi ya malapa yaliyovuliwa, kama mtu ameingia ndani sasa hivi. Watu hakuna.

Kofia bado iko kabatini, na hakuna aliyemuuliza. Alichotuuliza yeye ni rangi. Karafuu ikitoka mtini ni ya kijani na wekundu kidogo, ikikauka inakwenda kwenye hudhurungi, na pale jamvini zilikuwa siku ya pili au ya tatu juani, alikuwa anakumbuka vizuri kwa sababu mama yake alimtuma azigeuze. Rangi ile ya katikati hatukuwa nayo dukani. Kesho yake tukaenda Darajani kuutafuta uzi.